Ishirini na Tatu Mara Mbili

Jumatatu, 18 Agosti

Fundi wa kompyuta amefika leo asubuhi kutoka mji wa Saskatoon, viatu vyake havina hata vumbi. Anaitwa Rejean Lachance. Ni mtu wa makamo, mpole, anazungumza kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa chumba cha pili. Kompyuta ya zamani, iliyokuwa ikipima joto la nafaka na kuwasha mota za vihenge, imetolewa mezani kwangu baada ya miaka kumi na sita, na sikupenda.

Bev Okemow, ambaye anashinda zaidi juu ya vihenge vya nafaka vya ushirika wetu kuliko chini, alimuuliza mashine inajuaje kihenge kipi ni kipi, maana waya ni mmoja tu unaopita kwenye vihenge vyote arobaini. Rejean akasema kila kihenge kina kisanduku chake cha umeme, na kila kisanduku kina namba yake. Namba hiyo ndiyo anwani. Kompyuta inaita namba, visanduku vyote vinasikia, lakini mwenye namba hiyo peke yake ndiye anayetii na kujibu. Wengine wananyamaza.

"Kama mwalimu anavyoita majina asubuhi," Bev akasema.

"Hivyo hivyo."

"Na wakiwa wawili wa jina moja?"

"Wanaitika pamoja, na mwalimu hasikii kitu."

Alitaka siku nzima azunguke uwanjani, afungue kila kisanduku na kuangalia vile viswichi vidogo vinavyopanga namba. Lyle Kostiuk, meneja wetu, akasema mashine za kuvuna zinaingia shambani Alhamisi na hakuna siku nzima. Nikampa Rejean orodha yangu, ile ya karatasi ngumu iliyobandikwa ukutani. Nikamwambia, "Hii haina kosa. Mimi ndiye ninayeiandika." Akaichapa kama ilivyo, mstari kwa mstari, akaondoka saa kumi.

Alhamisi, 21 Agosti

Lori la kwanza. Njegere. Kavu.

Jumamosi, 30 Agosti

Malori kumi na tisa. Shemeji Emil amepita ofisini kula sandwichi yangu kama kawaida yake. Ni ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu, na amefanya kazi kwenye huu ushirika miaka thelathini na moja. Akaitazama kompyuta mpya akasema, "Shemeji, naona wamekuletea mchumba." Nikamwambia mchumba huyu hajibu nikimuuliza. Kihenge cha 23 kiliandika "hakuna jibu" mara tatu leo. Kikija kujibu, kinasema nyuzi joto kumi na mbili. Kihenge ni kitupu, kwa hiyo sikujali.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua. Hakuna aliyevuna.

Jumanne, 9 Septemba

Mvua imekatika, na wakulima wanaleta ngano yenye maji kwa sababu wanaogopa nyingine inakuja. Lyle anapokea tu. 23 imejaa ngano ambayo mimi nisingeipokea. Kanola yote, zile mbegu za mafuta, inaenda 31.

Sasa 23 si kitupu tena, na namba zake zinanitisha. Saa tatu asubuhi nyuzi kumi na nne. Saa nne hakuna jibu. Saa nne na robo nyuzi thelathini na moja. Baadaye kumi na nne tena. Nafaka haipati joto hivyo, ikapoa hivyo. Ikipata moto inapanda polepole siku nyingi, kisha siku moja unaona moshi. Sasa nitajuaje ukweli ni upi?

Nimempigia Rejean simu. Hakupokea.

Ijumaa, 12 Septemba

Bev alinipigia kelele kutoka chini ya dirisha. "Verna, mbona umewasha feni ya 23?"

"Sijaiwasha. Nimewasha ya 31."

"Basi zinazunguka zote mbili."

Nikazima ya 31. Akasema zote zimesimama.

Rejean alipokea simu mchana. Nilikuwa nimepanga kumwambia maneno mengi, na nikayasema. Alisubiri nimalize. Akasema, "Mama Verna, hiyo inafanana sana na namba mbili kugongana. Nipe nusu siku. Tuzime kila kitu, niite kisanduku kimoja kimoja." Akaongeza kwamba kitu kikigoma kunisikia, nitume amri ya kusimama kwa namba sifuri. Sifuri si ya mtu yeyote. Ukiita sifuri wote wanatii, wanajifunga, na hawawaki tena mpaka mtu aende kuwafungua kwa mkono. Ila hakuna anayejibu, kwa hiyo hutajua kama wamesikia.

Niliona ni amri ya kipumbavu. Nani anaamuru asiyejibiwa?

Nikampelekea Lyle suala la nusu siku. Akaniuliza mimi naonaje. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabara kuu. Nikasema, "Anatafuta visingizio. Kompyuta yake ndiyo mbovu." Lyle akafurahi kusikia hivyo. Nusu siku ikaahirishwa hadi mavuno yaishe.

Jumatano, 17 Septemba

23: kumi na tano, hakuna jibu, thelathini na mbili, hakuna jibu. Nimeanza kuandika pembeni kwa kalamu.

Jumapili, 21 Septemba

Chakula kwa Emil na mkewe Zonia baada ya kanisa. Pirohi za kuchemsha zilizojazwa viazi, krimu, kabichi. Zonia aliniuliza mbona siongei. Nilisema nimechoka. Emil akasema, "Mwache, anahesabu vihenge kichwani." Kweli nilikuwa nahesabu.

Jumatano, 24 Septemba

Umande ulioganda asubuhi. Nimemwambia Lyle kwamba labda tumpe Rejean ile nusu siku. Akasema, "Wewe mwenyewe ulisema anatafuta visingizio." Nikarudi mezani.

Jumanne, 30 Septemba

Bev ameingiza fimbo ya kupimia joto ndani ya 23 kwa mkono. Nyuzi ishirini na nane mita mbili kutoka juu. Kwa hiyo inapata moto kweli. Na juu imeshikana kama ukoko wa wali. Itabidi ivunjwe kabla haijaungua.

Ijumaa, 3 Oktoba

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Ngano ikishikana haishuki. Lazima mtu aingie na mtaimbo aivunje. Emil akasema ataingia yeye, Bev akapanda naye kushika kamba. Chini ya sakafu ya kihenge kuna parafujo kubwa linalovuta nafaka kuitoa nje. Likizunguka wakati mtu amesimama juu ya nafaka, anashuka nayo kama aliyekanyaga shimo.

Saa nane kasoro dakika tano Emil aliniita kwenye redio. "Shemeji, zima 23."

"Imezimwa."

"Imezimwa kweli, au imezimwa kwenye skrini ya ofisini tu?"

"Imezimwa, Emil. Naiona nyekundu."

"Haya, naingia. Nisipotoka mwambie Zonia zile pirohi za Jumapili zilizidi chumvi."

"Mwambie mwenyewe."

Saa nane na dakika kumi Lyle akaingia. Mabehewa ya kubeba kanola yamefika, yanasubiri. Akasema, "Fungua 31, iache ijiendeshe yenyewe." Ikiwekwa hivyo, kompyuta inarudia amri ya kuwasha kila baada ya sekunde tano mpaka behewa lijae. Nikabonyeza. Lyle akatoka kwenda relini.

Bev akasema, "Verna, ngano inashuka."

Nikaangalia 23. Nyekundu. Nikasema, "Imezimwa."

"Nakwambia inashuka. Yuko magotini."

Nikabonyeza kuzima 23, ingawa ilikuwa imezimwa. Bev akasema imesimama. Sijavuta pumzi, akasema, "Imeanza tena. Kiunoni." Nikabonyeza. Ikasimama. Ikaanza. Nikabonyeza. Nilikuwa namsikia Emil kupitia redio ya Bev, si maneno, sauti tu. Kitufe chekundu cha ukutani kinakata umeme wa shimo la kupokelea nafaka na wa lifti ya kuipandisha tu, vihenge vya nje vina swichi zao huko huko chini, na Bev alikuwa juu mita ishirini, kamba mikononi. Nilibonyeza mara nne. Kila mara ilisimama, kisha ikamvuta zaidi. Sikuifikiria 31. Mota yake ilikuwa inanguruma karibu na dirisha langu na sikuifikiria.

Nikakumbuka sifuri. Nikaandika, vidole vikakosea, nikafuta, nikaandika tena. Nikatuma.

Uwanja wote ukanyamaza. Feni zote, maparafujo yote, mashine ya kukaushia. Tangu Agosti sikuwa nimesikia ukimya pale. Skrini iliandika neno moja, "imetumwa", basi. Nikahesabu sekunde tano. Nikahesabu tano nyingine. Nikaita, "Bev." Hakujibu. Nikaita, "Bev, imesimama?" Hakuna. Nilisimama na redio mdomoni nikimwita, na sikujua kama namwita mtu aliyeshika kamba yenye kitu au kamba tupu.

Kisha akasema, kwa shida, "Yuko kifuani. Anapumua. Msiwashe kitu."

Mikono yake yote ilikuwa kwenye kamba. Alibonyeza redio kwa kidevu.

Zimamoto wa kujitolea walikuja, wakatoboa ukuta wa bati pande mbili, wakamzungushia mabamba Emil na kutoa ngano kwa ndoo na mikono. Ilichukua saa tatu na nusu. Zonia alifika na aproni yake, akasimama kwenye upepo, akakataa koti la kila mtu. Emil alitolewa akiwa wa kijivu usoni. Nyonga imevunjika, mkono wa kulia, mbavu tatu. Helikopta ikampeleka Saskatoon. Zonia akapanda naye bila kunitazama, lakini nafikiri hakuwa anamtazama mtu yeyote.

Jumamosi, 4 Oktoba

Yuko hai. Bado hajazungumza.

Lyle anamwambia kila anayepiga simu kwamba fundi kutoka mjini ndiye aliyevuruga namba. Leo mchana nilikwenda ofisini kuchukua chupa yangu ya chai. Nikasimama mbele ya orodha ukutani. Nimeiona kila siku tangu Mei. Mstari wa 23: namba 23. Mstari wa 31: namba 23. Mwandiko wangu.

Mei radi iliunguza kisanduku cha 31. Hatukuwa na cha akiba, na 23 kilikuwa kitupu, kwa hiyo nikakitoa kisanduku chake nikakifunga kwenye 31 na namba yake ile ile, nikaandika kwenye orodha ili nisisahau kuibadilisha. Julai kikaja kisanduku kipya, fundi umeme akakifunga kwenye 23 na kukipa namba 23 kama orodha inavyosema. Vihenge vyote vilikuwa vitupu. Nikasahau.

Hao ndio wawili waliokuwa wakiitika pamoja. Na kila Lyle aliposema "fungua 31", amri ilikwenda kwa wote wawili.

Nimeitoa orodha ukutani. Iko ndani ya pochi yangu.

Jumapili, 5 Oktoba

Sikwenda kanisani. Theluji kidogo, haikukaa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Rejean amekuja. Alifungua kisanduku cha 31, akakitazama muda mrefu, akapiga picha viswichi. Aliporudi ofisini aliona ukuta mtupu, alama nne za gundi. Alikaa akanywa kahawa yangu na kusema, "Mimi niliichapa. Mistari arobaini. Mtu mwenye macho angeona namba moja imejirudia." Nikasubiri aendelee, anilaumu. Akauliza hali ya Emil, akaandika jina la Zonia kwenye kijitabu ili alitamke sawasawa.

Na mimi Septemba, kwenye simu, nilikuwa nimemwita mzembe mbele ya watu wote wa mizani ya malori.

Jumanne, 7 Oktoba

Sijasema. Mkaguzi wa usalama anakuja kesho. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumatano, 8 Oktoba

Mkaguzi ni mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Alituketisha watatu ofisini. Lyle alianza. "Kabla hajaja fundi hatukuwahi kuwa na tatizo. Namba ameziweka yeye."

Mkaguzi akamgeukia Rejean. Rejean akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Angeweza kuisema. Alikuwa na picha kwenye simu yake.

Nikatoa orodha kwenye pochi nikaiweka mezani. Nikasema, "Huu ni mwandiko wangu. 23 iko mara mbili. Yeye alichapa nilichompa, na aliomba siku nzima ya kukagua, hakupewa. Septemba aliomba nusu siku. Hakupewa."

"Nani alimnyima?" mkaguzi akauliza.

"Meneja. Na mimi. Meneja aliniuliza, nikasema anatafuta visingizio."

Lyle akasema, "Verna, hukuulizwa hayo yote."

"Nimeulizwa sasa hivi," nikasema.

Mkaguzi alikohoa akaandika. Nilikuwa nimemheshimu Lyle miaka kumi na sita. Nilimtazama akipangusa meza mahali ambapo hapakuwa na kitu, nikaona mtu mwenye hofu kama yangu, ila yake haijapata pa kutokea.

Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Rejean alinisindikiza hadi kwenye gari. Alisema, "Ile sifuri, watu wengi hawaikumbuki." Nikawasha gari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia Zonia nimwambie kabla hajasikia kwa watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia simu ikiwekwa chini, taratibu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani. Kila mwaka tunakula kwao. Nimekula mkate na yai. Bev alipita na kipande cha bata mzinga kwenye sahani iliyofunikwa, mikono yake bado ina alama za kamba. Nikamuuliza kama ananichukia. Akasema, "Nina hasira na watu wengi kwa sasa. Subiri zamu yako ifike." Akala nusu ya kipande hicho mwenyewe, amesimama, akaondoka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Theluji imekaa. Vihenge naviona kutoka jikoni. Hakuna feni inayozunguka. Nasikia Rejean bado anaviita kimoja kimoja.

Jumapili, 26 Oktoba

Emil ameomba niende. Bev ndiye aliyeniletea ujumbe. Saa mbili za barabara yenye barafu, na nilisimama mara mbili kando ya njia nikitaka kurudi.

Amepungua. Mkono wa kulia umefungwa, nyonga ina vyuma. Zonia hakuwepo chumbani, alikuwa ameshuka kununua kahawa. Nilibaki mlangoni.

"Ingia, shemeji, unaleta baridi," akasema.

Nikaingia. Nikaanza kusema niliyokuwa nimeyapanga, akainua mkono wa kushoto.

"Bev kanieleza. Namba moja, visanduku viwili."

"Ni mimi niliyeandika."

"Najua ni wewe. Nimekuchukia siku kumi na mbili, bila mapumziko. Sina kazi nyingine humu." Akapumua, mbavu zikamuuma, akasubiri. "Siku ya kumi na tatu nesi kaniletea mfuko wa vitu vyangu. Fungua hiyo droo."

Ndani kulikuwa na saa iliyovunjika, pochi na kufuli jekundu lenye jina lake. Kila mtu wa uwanjani anapewa la kwake. Kabla hujaingia ndani ya kihenge unazima swichi iliyo chini pale pale, unaifunga kwa kufuli lako, ufunguo unaingia nao mfukoni. Ikishafungwa hivyo, hakuna kompyuta inayoweza kuiwasha ile mota, hata uite namba gani. Emil ndiye anayewafundisha wageni jambo hilo. Bev alifundishwa na yeye.

"Lilikuwa mfukoni," akasema. "Nilipokuwa nazama lilinibana paja. Muda wote ule nalisikia."

"Kwa nini hukulifunga?"

"Nilikuwa nimeshafika juu. Ngazi ni ndefu, goti langu bovu, Lyle anapunga mkono tufanye haraka. Nikakuuliza wewe, ukasema imezimwa. Ilikuwa rahisi kukuamini kuliko kushuka."

Nilitaka kupata nafuu na sikuipata. Nililishika lile kufuli, lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka.

"Mkaguzi hajui," akasema. "Aliniuliza swichi ilikuwaje, nikajifanya nimelala. Zonia naye hajui. Kila siku anakaa hapo kwenye kiti anakulaani, na mimi namwacha. Mkono huu hauandiki. Kuna karatasi hapo, andika."

"Emil, si lazima iwe leo."

"Andika, shemeji."

Nikaandika kama alivyosema, neno kwa neno, kuhusu ngazi, na goti, na kufuli. Aliposema "niliona uvivu" nilimuuliza kama anataka niweke neno jingine. Akasema hapana. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Zonia alikuwa mlangoni na vikombe viwili vya kahawa. Sijui alikuwepo tangu lini. Emil akaniambia, "Mpe hiyo karatasi, aione."

Akaweka vikombe dirishani, akaichukua, akaisoma amesimama na koti lake. Aliisoma hadi mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akamtazama mumewe kwa muda ambao mimi niliangalia sakafu. Alivuta kiti cha pili kutoka kwenye kona, akakiweka karibu na changu, akakaa, akanirudishia karatasi. Alikuwa hajasema nami neno tangu tarehe tisa.

"Nisomee wewe," akasema. "Taratibu. Macho yangu hayaoni vizuri leo."

Nikamsomea.